Ndakala na Lumbu

Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, ziwa mbele ya Kalemie hufanana na mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi hizo. Asubuhi mitumbwi hurudi, na ndakala huanikwa juu ya mchanga, wakang'aa kama fedha, na kina mama huwageuza kwa mikono hata wakauke. Kisha hutiwa magunia, na magunia husafiri mbali, mengine hata Lubumbashi. Watu wengi wa nchi hii wamekula ndakala tangu siku walipoachishwa ziwa la mama, wala hawajapata kuuliza: ndakala ni samaki gani? Jibu lake si fupi, maana ndakala wa Tanganyika si samaki mmoja. Ni wawili. Na habari ya jinsi walivyopambanuliwa, na hasara na faida zilizotokea pale walipochanganywa, yastahili kusimuliwa.

Kwanza nitoke kidogo nje ya ziwa. Katika malisho ya Ulaya humea maua madogo ya manjano, yang'aayo kama siagi. Kwa Kilatini huitwa Ranunculus, yaani chura mdogo, kwa kuwa mengi ya jamaa hiyo hupenda mahali penye maji. Mtoto akichuma matatu ataapa kwamba ni ua la namna moja. Lakini mwenye elimu ya mimea huyapindua, akatazama chini. La kwanza, vijani vyake vya chini ya ua vimekunjika kuelekea shina: hilo ni Ranunculus bulbosus. La pili, vijani havikunjiki, bali kikonyo chake kina mifereji: ni Ranunculus repens. La tatu, kikonyo ni cha mviringo, hakina mfereji: ni Ranunculus acris. Hata Afrika ina ndugu yao, Ranunculus multifidus, aoteaye penye unyevu katika nchi za juu. Nimeyataja maua hayo kwa sababu moja: ile alama inayoshika macho ya kila mtu, yaani rangi ya manjano, haipambanui kitu. Alama ipambanuayo iko chini, mahali pasipotazamwa. Mambo ya ndakala ni hivyo hivyo.

Basi tuchukue samaki wawili wabichi kutoka kikapu kimoja. Wote wawili ni weupe, wote wana mstari wa fedha ubavuni, na magamba ya wote hutoka upesi wakiguswa. Ukipitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, utasikia ukali kama wa msumeno mdogo: ni magamba magumu yaliyopangwa chini ya tumbo, alama ya jamaa ya sardini, ambao wengi wao hukaa baharini. Mpaka hapo ni kama pacha. Sasa tazama umbo. Mmoja ni mwembamba, na mara chache hupita sentimita 10. Huyo ndiye ndakala hasa, na wataalamu wamemwita Stolothrissa tanganicae. Mwenzake ana mwili mnene zaidi, naye akiachwa kukua aweza kufika karibu sentimita 17. Huyo ndiye lumbu, Limnothrissa miodon.

Lakini umbo na urefu havitoshi, kwa sababu lumbu mtoto ana urefu wa ndakala mzima, na kikapu cha mvuvi hakiwapangi kwa umri. Hapo yataka kufunua shavu. Ndani, penye matamvua, mna vijiti vidogo vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kazi yake ni kuchuja chakula majini. Kwa ndakala vijiti hivyo ni vingi zaidi, virefu na vyembamba; kwa lumbu ni vichache zaidi. Na hiyo si alama ya bure. Ndakala huishi kwa vile viumbe vidogo mno vinavyoelea katikati ya ziwa, ndiyo sababu anahitaji chujio laini. Lumbu hula hivyo pia, lakini hula na viluwiluwi vya wadudu, na uduvi, na hata watoto wa ndakala. Na asipopata kingine, haoni vibaya kula watoto wa lumbu wenziwe.

Wasomaji wa pwani watastaajabu nikisema kwamba jina la dagaa, ndilo jina la ndakala upande wa Kigoma, limewafunika samaki wengi kupita hao. Dagaa wa Ziwa Viktoria, anayeitwa omena katika Kenya na mukene katika Uganda, si sardini kamwe. Yeye ni wa jamaa nyingine kabisa, na tumboni hana ule msumeno. Huko Dar es Salaam mnunuzi mzoefu hawachanganyi dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza, wala muuzaji hawapi bei moja. Lakini mnunuzi yule yule, ukimwuliza katika lile fungu la Kigoma yupi ndakala na yupi lumbu, atakucheka.

Je, wenye elimu walianza lini kuwajua? Burton na Speke, Waingereza, walifika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858. Speke aliokota makombe ya konokono wa ziwa, na wataalamu wa Uingereza walipoyatazama waliona ajabu, maana yalifanana na makombe ya baharini. Mwaka 1883 Böhm, Mjerumani, aliona yavuyavu ndani ya ziwa hili, na yavuyavu karibu wote wajuao watu ni wa bahari. Tena wakaonekana hawa sardini. Basi Bwana Moore, Mwingereza aliyefika ziwani mara mbili kabla karne ya 19 kwisha kabisa, akakata shauri kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa barani, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Fikira hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikuwa kweli. Siku hizi tunajua kwamba ziwa lenyewe lilianza miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, kwa ardhi kupasuka na kudidimia, si kwa bahari kukatwa. Mwaka 2008 wataalamu waliochunguza urithi wa damu ya sardini wa Afrika walitoa maelezo mengine: mababu zao waliingia kutoka baharini huko Afrika ya Magharibi, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, wakakaa mitoni, wakaenea katika mito ya Kongo, na baadaye sana wachache wakafika katika ziwa letu. Kwa hiyo ndakala ni mgeni wa zamani aliyekuja kwa njia ya mto. Ana ndugu zake hata leo katika mito ya magharibi.

Turudi kwenye majina. Mwaka 1904 na 1905 Dakta Cunnington, Mwingereza, alikusanya samaki wengi wa Tanganyika, akawatia katika vyombo vya pombe kali wasioze, akawapeleka London. Huko katika jumba la vitu vya kale na viumbe alikuwako Bwana Boulenger, Mbelgiji mzaliwa wa Brussels, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama samaki na nyoka wa dunia nzima na kuwapa majina. Mwaka 1906 alimwandika lumbu, akamwita Pellonula miodon. Miodon ni neno la Kigiriki, maana yake mwenye meno madogo zaidi. Miaka 11 ikapita. Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea bado, Bwana Regan wa jumba lile lile aliwapanga upya sardini wa mito na maziwa ya Afrika. Yeye ndiye aliyewatenga hawa wetu wawili, akawapa kila mmoja ukoo wake: Limnothrissa kwa lumbu, Stolothrissa kwa ndakala. Neno hili litazamwe vema. Hakuona tofauti ya ndugu na ndugu tu; aliona tofauti iliyotosha kuwaweka katika nyumba mbili.

Mara nyingine kosa huwa kinyume chake, yaani kumgawa mmoja kuwa wawili. Serikali ya Wabelgiji ilimtuma Dakta Stappers kuchunguza maziwa ya Tanganyika na Moero tangu mwaka 1911 hata 1913. Miongoni mwa samaki aliowaleta alikuwamo yule tunayemwita mikebuka au mukeke. Mwaka 1914 Boulenger alimpa jina la Stappers. Lakini wengine wa aina hiyo aliwaona wafupi, akawaandika kuwa aina ya pili. Baadaye ikaonekana ni samaki mmoja tu. Leo mikebuka anahesabiwa pamoja na sangala, akiitwa Lates stappersii, na ziwani wamo ndugu wanne wa jamaa hiyo. Yeye ni adui mkubwa wa ndakala, hutembea nyuma ya kundi lake kama fisi nyuma ya mbuzi. Watoto wake hunaswa mara nyingi katika nyavu pamoja na ndakala, hata kikapu cha mvuvi kikawa na aina tatu wala si mbili.

Kazi kubwa ilikuja baada ya vita ya pili. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa wataalamu wa Ubelgiji, chini ya Bwana Leloup, ulilizunguka ziwa lote, na Kalemie, iliyoitwa Albertville siku zile, ilikuwa moja ya vituo vyake. Bwana Max Poll alishika habari ya samaki. Kitabu chake cha mwaka 1953 ndicho kilichoeleza kwa urefu sardini hawa wawili: wanapokaa, wanachokula, wanapozaa. Hapo ndipo tofauti yao ilipoacha kuwa habari ya mashavu tu ikawa habari ya maisha. Maana ndakala huzaa mbali, katika maji ya wazi. Mayai yake huzama polepole, na watoto huanguliwa kabla hayajafika vilindini kusiko na hewa. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na zaidi kidogo. Lumbu huzaa karibu na pwani, hasa penye mchanga. Watoto wake hukaa maji ya kando mpaka wamepata nguvu, ndipo waende ziwani kati. Naye huishi zaidi ya ndakala, aweza kupita miaka miwili.

Sasa nifike kwenye habari ya Kivu, ambayo kwangu ni kiini cha mambo yote haya.

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1460 kutoka usawa wa bahari, nalo Tanganyika mita 770 hivi. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi hata Tanganyika, lakini samaki wa chini hawawezi kupanda maporomoko yake. Kwa hiyo Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na katikati yake, penye maji mengi, hapakuwa na samaki wa kula vile viumbe vidogo vinavyoelea. Wataalamu wa Wabelgiji wakaona: chakula kipo, mla hayupo. Wakawaza kumpeleka ndakala wa Tanganyika. Waliyemtaka hasa alikuwa Stolothrissa, yule mwembamba mwenye chujio laini, kwa sababu yeye ndiye wa maji ya wazi. Wavuvi wa Tanganyika walikuwa wakimvua kwa wingi sana; na siku zile uvuvi wenyewe ulikuwa unageuka, kutoka mioto ya kuni na nyavu za lusenga kufika taa za mafuta na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu ukining'inia katikati.

Kazi ya kuwahamisha ilikuwa ngumu. Sardini hawa hufa kwa kuguswa tu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, chini ya Bwana Collart, watoto wao kwa maelfu mengi walichukuliwa kutoka upande wa kaskazini wa Tanganyika, wakapandishwa wakiwa hai mpaka Kivu, wakamwagwa. Katika vyombo walikuwamo wa aina zote mbili. Kisha miaka mingi ikapita, Kongo ikapata uhuru mwaka 1960, zikaja fujo na vita, na wachache tu ndio waliokumbuka wale samaki.

Katika miaka ya 1970 ikaonekana kwamba Kivu limejaa sardini. Watu wakafurahi, ndakala wamekubali! Wataalamu wakafunua mashavu. Hapakuwa na Stolothrissa hata mmoja. Wote walikuwa lumbu. Yule aliyetakiwa alikufa. Yule aliyekuja pamoja naye ndiye aliyerithi ziwa. Wataalamu hulieleza jambo hilo kwa tabia zake: lumbu aweza kukaa pwani na aweza kukaa kati, hachagui sana chakula, na kikikosekana kimoja hula kingine. Ndakala ni mtu wa njia moja.

Hapo yakazuka mashindano ya maneno. Mwaka 1986 Bwana Dumont wa Ubelgiji aliandika kwa uchungu kwamba lumbu anawala viumbe vidogo vya Kivu mpaka kuvimaliza, na kwamba ziwa litaharibika; na ni kweli kwamba kiumbe kimoja kikubwa kuliko vingine, wa jamaa ya Daphnia, alikuwa ametoweka. Lakini ziwa halikufa. Uvuvi uliokwisha kuanzishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa huko Gisenyi, tangu mwaka 1979, ukaenea pwani zote, na leo sambaza ni kitoweo cha Bukavu, Goma na Rwanda. Mimi naona Dumont alikuwa na haki ya kuogopa, hata kama mwisho haukuwa ule alioogopa, maana hakuna aliyemwuliza mtu wa Kivu kama anataka lumbu au ndakala. Na jambo la kuchekesha ni hili: mama wa Bukavu hupambanua vizuri sana kati ya sambaza mbichi za Kivu na ndagala makavu ya Uvira au Kalemie, akaona ni samaki wawili mbalimbali. Lakini huyo sambaza wake ndiye lumbu yule yule ambaye Kalemie hutiwa gunia moja na ndakala, akauzwa kwa jina la ndakala.

Waliofuata hawakubahatisha tena. Mwaka 1967 na 1968, walipotaka kupeleka sardini katika ziwa la Kariba, lililotengenezwa kwa boma la mto Zambezi, walichukua lumbu peke yake upande wa Zambia, wakampeleka kwa ndege. Akastawi, na huko anaitwa kapenta. Baadaye akashuka mwenyewe na Zambezi, akapita katika mitambo ya umeme, akalijaza ziwa la Cahora Bassa katika Msumbiji. Ila huko Kariba hakui. Lumbu wa Kariba hubaki mdogo, urefu wake kama wa ndakala wetu. Mtu akimleta hapa Kalemie na kumweka juu ya meza, mvuvi mzee atamwita ndakala. Ndiyo sababu nilisema kwamba urefu hautoshi.

Pengine msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi tunaokula? Yanatuhusu kwa upande wa nyavu. Katika hesabu za uvuvi za nchi zilizo kando ya ziwa, mara nyingi wawili hawa huandikwa katika safu moja. Mwaka huu tani kadha za ndakala, mwaka ujao tani kadha, basi. Hesabu ya namna hiyo yaweza kuonekana imetulia huku mmoja akipungua na mwingine akiongezeka, na asijue mtu. Tena dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Wavu mrefu unaokokotwa mpaka mchangani, au vyandarua vya mbu vinavyotumiwa na watoto kando ya maji, huwakamata watoto wa lumbu pale pale wanapolelewa, lakini haumdhuru sana ndakala, ambaye amezaliwa mbali. Taa zikizidi kati ya ziwa, ndakala ndiye aumiaye kwanza. Serikali ikikataza kokoro peke yake na kusema imewalinda ndakala, kwa kweli imemlinda lumbu. Ikizuia taa kwa majira fulani, imewapunguzia wote, lakini watoto wa lumbu pwani wanaendelea kuvuliwa kama kokoro limeachwa.

Na ulinzi huo hauwezi kuwa wa nchi moja. Mwaka 2020 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa urithi wa sardini hawa wote wawili, wakasema kwamba hawakuona ukuta kati ya samaki wa kaskazini na wale wa kusini. Kundi ni kama moja kwa ziwa zima, ingawa katika urithi wao mna vipande vikubwa vilivyogeuzwa kinyume, kwa wengine hivi na kwa wengine vile. Samaki anayevuliwa Kalemie leo, ndugu yake yuko Kigoma, au Mpulungu, au Bujumbura.

Katika uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2018, watu walitazama wadudu wadogo mno wanaokaa juu ya matamvua ya sardini wa Tanganyika na kunyonya. Wamepewa jina la ukoo Kapentagyrus, kutokana na neno kapenta. Wako wa aina mbili. Mmoja hukaa juu ya ndakala na lumbu pia, hachagui. Wa pili, Kapentagyrus limnotrissae, ameonekana juu ya lumbu tu. Katika kikapu kile kile, samaki wakiwa wamegusana ubavu kwa ubavu, juu ya ndakala hayuko.